Malalamiko Dhidi ya Sauti Yangu Mwenyewe

Chuo cha Walimu cha Mtakatifu Anselmi,
Njia ya Alupe, Busia.
Februari 1968

Kwa Bwana Afisa wa Vifaa vya Kufundishia,
Ofisi ya Elimu ya Mkoa.

Bwana Afisa Mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta umekaa, na kama umesimama nakuomba ukae, kwa maana ninayokuandikia si mambo ya kusomwa kwa haraka. Hapa kwetu sote tu wazima. Mvua hakuna, jua linachoma, na kuku wa chuo wanataga vizuri. Habari za kuku nitaeleza kwa nini ninazijua.

Naitwa Fulgensio Ojakol, mkufunzi wa Mbinu za Kufundisha katika chuo hiki tangu kabla ya Uhuru. Tuseme nilikuwa mkufunzi. Naandika kulalamika rasmi dhidi ya mfanyakazi mwenzangu aliyeletwa na ofisi yako mwaka jana, kwa gari moshi mpaka Malaba, kisha kwa lori la mfanyabiashara Sulaiti mpaka hapa, akiwa amelazwa ndani ya sanduku lenye majani makavu kama yai. Namsema yule tepurekoda, mashine ya kunasa sauti. Ombi langu ni moja, na nalisema mapema ili usipate taabu ya kulitafuta: mashine hii iondolewe chuoni, au niondolewe mimi. Chuo kimoja hakiwezi kukaa na Ojakol wawili.

Naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu wakati bado walikuwa wangu.

1. Mashine hii imeninyang'anya darasa, na silaha iliyotumia ni sauti yangu mwenyewe.

Bwana Mkuu wa Chuo aliniomba nifundishe somo moja tu mbele ya mashine, kwa majaribio. Nikaona fahari. Siku ile nilivaa tai, Bwana Afisa, nikapaka viatu rangi, nikachana nywele, yote hayo kwa ajili ya chombo kisicho na macho. Tulipomaliza, Bwana Mkuu akanisifu, tukarekodi la pili. Mimi ni mtu dhaifu mbele ya sifa. Muhula ulipofika mwisho nilikuwa nimeyamwaga masomo yangu yote ya mwaka ndani ya utepe ule wa rangi ya kahawia, nikabaki mtupu kama debe.

Muhula uliofuata niliingia na chaki yangu mfukoni nikakuta ratiba mpya ukutani. Penye jina langu pameandikwa "Ojakol (Mashine)". Nikajitafuta zaidi, nikajiona chini kabisa, jirani na mpishi: "Ojakol (Mwenyewe), Bustani na Kuku." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kinanila kwa sauti yangu, na kinatafuna taratibu, na darasa zima linaandika.

2. Wanafunzi wanaiheshimu mashine kuliko walivyowahi kuniheshimu mimi.

Nikiingia darasani zamani, nusu walikuwa wanasimama na nusu wanatafuta viatu vyao. Sasa mashine inabebwa na kiranja kwa mikono miwili, imefunikwa kitambaa cha mezani, na darasa zima linasimama kabla haijafika mlangoni. Mvua ikinyesha inapewa mwavuli. Mimi mwavuli huo nimeuomba tangu mwaka wa sitini na nne.

Kinachoniuma zaidi ni kichekesho changu cha mwalimu na ndizi. Nimekitoa kwa mdomo wangu miaka mingi na hakuna aliyewahi kucheka. Kikitoka kwenye mashine wanacheka mpaka wanashika mbavu, wanaomba kirudishwe nyuma, wanacheka tena. Nilimwuliza mwanafunzi mmoja aitwaye Opolot, kwa upole kabisa, tofauti yetu ni nini. Akafikiri, akanijibu kwamba mashine haina hasira, haina harufu ya tumbaku, na ukiiambia irudie inarudia. Nikaenda kulisha kuku.

3. Mashine haijui kipi ni somo na kipi si somo, na wanaoisikiliza nao wameacha kujua.

Siku tuliporekodi somo la Hatua Tano za Kufundisha ilikuwa mwezi wa nne, mawingu yametanda upande wa Tororo. Nilipofika kati ya hatua ya pili na ya tatu upepo ukaja, nikasema, kama mtu yeyote mwenye akili angesema, "Fungeni madirisha, mvua inakuja." Kisha nikaendelea.

Mwezi uliopita wanafunzi wetu walikwenda Mundika kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi. Mwezi wa kwanza unaujua, Bwana Afisa. Jua la Mundika wakati huo linakausha mpaka mate. Basi kila mwanafunzi wetu, kila mmoja, alipomaliza hatua ya pili alisimama, akawaambia watoto wafunge madirisha kwa sababu mvua inakuja, kisha akaingia hatua ya tatu. Watoto walifunga. Wakatoka jasho, wakalegea, mmoja alibebwa nje akamwagiwa maji. Nilipowauliza wanafunzi wetu kwa nini walifanya hivyo, walinifungulia madaftari yao: imo, imeandikwa vizuri, na wengine wameipigia mstari kwa wino mwekundu.

Nilifikiri angalau mkaguzi ataona. Mkaguzi aliyekuja, na alitoka ofisi yako, aliketi ndani ya chumba kile kilichofungwa akijipepea kwa kofia, kisha akaandika kwamba wanafunzi wa chuo chetu wana nidhamu ya pekee katika kuandaa mazingira ya darasa, na akapendekeza vyuo vingine viige. Sina la kuongeza hapo ila kumtakia afya njema.

4. Imepewa kiti changu katika chumba cha walimu. Hili nalitaja kwa kifupi kwa sababu linanitia aibu. Ni kile kiti chenye mto.

5. Mashine imemtukana mama mkwe wangu.

Hapa naomba uniwie radhi, maana ni lazima nianze mbali.

Chuo chetu kina darasa la ngumbaru, yaani watu wazima wanaojifunza kusoma, siku ya Alhamisi mchana. Mwalimu wao nilikuwa mimi. Mama mkwe wangu anakaa karibu na hapa, upande wa Alupe, na kwa miaka mingi ametaka kusoma kuliko anavyotaka chakula. Sababu yake ni pamba. Anaipanda, anaivuna, anaitandaza juu ya mkeka, anaichambua uchafu kwa vidole vyake mpaka inakuwa nyeupe ya kuumiza macho. Anaipeleka kituo cha kununulia. Karani anaitazama, anaandika kwenye kibao cha gunia, anamsogezea wino, na yeye anabandika dole gumba. Pamba nzuri huandikwa safi na mbaya huandikwa fifi, na kila msimu malipo yake huja ya fifi. Anashuku. Lakini anayeshuku maandishi asiyoyasoma atasema nini? Anajifuta wino kwenye gauni lake, anarudi nyumbani.

Sasa utauliza kwa nini hakuja kwangu. Bwana Afisa, sijui wewe umeoa wapi. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawali wakionana. Nikimwona njiani naingia porini, naye anaingia pori la upande wa pili, na njia inabaki tupu mpaka ng'ombe wanashangaa. Kwa hiyo mwalimu pekee wa ngumbaru katika sehemu nzima hii alikuwa mtu pekee ambaye yeye hawezi kuketi mbele yake. Mke wangu Apolot alijaribu kumfundisha nyumbani, lakini mtoto akimfundisha mama yake kila somo linaishia kwenye habari ya nani hakufagia.

Ndipo Bwana Mkuu akaamua kwamba hata Alhamisi mashine ifundishe, na kiranja awe anaonyesha herufi kwa fimbo kwenye chati. Mama mkwe alisikia kwamba mkwe hayupo, kuna mashine. Akaja. Mimi nilipinga, nikamwambia Apolot kwamba sauti ile ni yangu na jambo hili litatuletea makubwa.

"Baba Amuron," akasema Apolot, "mama hakuja kukuona wewe. Amekuja kusoma."

Alikuja kwa adabu zote. Alikaa nyuma kabisa, mbali na mashine, nyuma ya pazia la mafunjo alilolibeba mwenyewe kutoka nyumbani, na lenye tundu la kuchungulia chati tu. Aliketi kiubavu ili sauti yangu isimkute uso kwa uso. Majuma yakapita. Akajua a, e, i, o, u, akaanza kuunganisha. Nasikia alikuwa anasoma vipande vya magazeti ya kufungia sukari. Sitaficha kwamba mimi huko kwa kuku nilikuwa natembea kwa maringo kidogo.

Lakini somo moja kati ya yale ya ngumbaru lilirekodiwa siku ambayo Mzee Mutwalibu alikuwepo. Mutwalibu ni mpakiaji wa malori mjini Busia, mtu mwema, ila akiketi analala, na siku ile alilala nyuma kabisa na kukoroma juu ya herufi zangu. Nilikasirika. Nikapaza sauti. Na utepe ukachukua.

Basi Alhamisi ile mama mkwe wangu amekaa nyuma, kimya, ametega sikio, na sauti ya mkwe wake ikatoka ndani ya sanduku mbele ya watu wote: "Wewe uliyekaa huko nyuma! Hujui aibu? Kazi yako ni kula na kulala tu?"

Alisimama, Bwana Afisa. Wenzake wanasema alisimama kama mtoto wa shule. Akakunja pazia lake, akaenda zake.

6. Kutokana na hilo la tano, wazee wamenihukumu, na hukumu haitekelezeki.

Walikaa chini ya uenyekiti wa Mzee Omagor, baba mdogo wa mke wangu. Wengine walisema sauti ndani ya mashine si mtu, ni kama kivuli, na kivuli hakitozwi faini. Nikaanza kupumua. Lakini Mzee Omagor alikohoa, akauliza, "Ukisikia mtu anakohoa huko nyuma ya nyumba, unasema nani huyo, ama unasema nini hiyo? Unasema nani. Basi sauti ni mtu." Ikaisha hapo.

Kwa hiyo wameamua mambo matatu. Kwanza, kwa kuwa sauti ni mtu, wakati mashine inafundisha ngumbaru mimi mwili wangu lazima uwe ng'ambo ya kijito, maana mtu hawezi kumkosea mama mkwe kwa kuwa karibu mara mbili. Alhamisi naonekana ng'ambo nimekaa kwenye jiwe, kuku wa chuo hawana wa kuwaangalia, mwewe amechukua wawili. Pili, mbuzi wa kusafisha lile tusi. Tatu, na hili ndilo lililonivunja, lazima niombe radhi, na radhi itoke pale pale lilipotoka tusi. Yaani niingie mbele ya mashine, niombe radhi ndani ya utepe, na mashine impelekee.

Nimekataa. Mimi Ojakol, mwenye cheti na miaka yote hii ya chaki, nipige magoti mbele ya sanduku la betri? Chombo kilichoninyang'anya darasa, kiti, kichekesho na utulivu wa nyumba yangu, nikipe tena na toba yangu? Nimeapa mbele ya wazee kwamba sitafungua kinywa changu mbele ya mashine ile tena maisha yangu yote. Tangu hapo mama mkwe haji darasani, Apolot hasemi nami ila kupitia kwa mtoto wetu Amuron, na ugali wangu unaletwa bila mboga.

Kutokana na hayo yote, Bwana Afisa, nakuomba yafuatayo kwa unyenyekevu.

Ofisi yako ituletee mbuzi. Mashine ni mali ya serikali, na serikali ndiyo iliyotukana. Mbuzi huyo awe na umri wa kuheshimika na miguu yote minne. Asiwe mbuzi wa tenda, wale wanaoandikwa wanene na kufika wamekonda. Aje na afisa wa kumweleza mama mkwe jinsi utepe unavyofanya kazi, naye asimame mbali.

Kama mtashikilia kwamba mashine ni mkufunzi, basi iwe mkufunzi kamili. Ishike zamu ya langoni. Isahihishe madaftari. Ihudhurie mikutano ya Ijumaa ya Bwana Mkuu mpaka mwisho, bila kuzimwa. Ipewe uhamisho ghafla katikati ya muhula, kama tunavyopewa sisi, ipelekwe mahali pasipo na maji, na ikiuliza sababu iambiwe ni kwa manufaa ya taifa. Wanafunzi wakianguka mtihani ilaumiwe yenyewe. Nina hakika kabla ya Pasaka itakuwa imeharibika, na wala sitaishangaa.

Lakini dawa hasa ni ile niliyosema mwanzo. Wanafunzi wanatakiwa kuulizwa maswali, na wao kuuliza. Wanatakiwa kuona uso wa mtu akikosea na akijisahihisha. Mtu aliyefundishwa na mashine atafundisha kama mashine, na atafunga madirisha kiangazi mpaka siku ya kustaafu. Mwondoe Ojakol mmoja. Nitangoja gari lako mpaka mwisho wa mwezi. Lisipokuja nitafunga mizigo yangu na kurudi kulima, na jina langu litabaki ukutani na mabano yake.

Nisalimie wote wa ofisini: karani wako wa mapokezi ambaye huwa ananiambia umetoka, mpiga chapa, dereva, na yule mkaguzi wa kofia. Wasalimie na wa nyumbani kwako, hasa mama mkwe wako, kama mnasalimiana.

Wako anayekutii, kwa sauti yake halisi,

Fulgensio Ojakol (Mwenyewe)

Tanbihi:

Bwana Afisa, barua hii ilikuwa imeshafungwa na gundi imeshakauka. Nimeifungua kwa mvuke wa chai, na naomba usiyajali yote yaliyoandikwa hapo juu, isipokuwa yale ya madirisha.

Jumamosi mama mkwe alipeleka pamba kituoni. Apolot alikuwa naye, na amenieleza mwenyewe, bila kumpitisha Amuron. Karani aliandika kibao, akakifunga kwenye gunia, akasogeza wino kama kawaida. Mama hakutoa kidole. Aliinama kwenye kibao, midomo inatembea, watu kwenye foleni wananung'unika. Kisha akainuka.

"Wewe karani, hapa umeandika fifi. Pamba yangu ni safi. Fungua gunia watu waone."

Karani akacheka, akauliza ni nani aliyemsomea. Mama akajibu kwamba amejisomea. Gunia likafunguliwa mbele ya foleni nzima, na hapakuwa na mtu aliyesema ile ni fifi. Karani akaandika kibao kingine. Halafu akauliza kama mama mwenye kusoma ataandika jina pia. Mama hakuweza. Hakuwa amefika somo hilo alipoondoka darasani. Akabandika dole gumba mbele ya watu wale wale, akajifuta kwenye gauni. Walipofika Alupe akamwambia Apolot, "Safi nimesoma. Jina langu bado. Alhamisi narudi, hata kama atanitukana."

Bwana Afisa, nililia. Sina haja ya kukuficha. Miaka yote hii ya kufundisha, sijui kama nimewahi kumfundisha mtu kitu ila safari hii moja, na sikuwepo.

Msije kuichukua mashine. Kama gari limeshaondoka lirudi, na kama haliwezi kurudi na lazima libebe kitu, libebe mimi. Nitakaa nyuma pamoja na mizigo. Tuleteeni betri tu, hizi zimeanza kuchoka na sauti yangu inakuwa nzito kama ya mlevi.

Mbuzi nimeshamtoa mwenyewe. Jana niliichukua mashine mpaka kwenye banda la kuku, maana ndipo penye faragha, nikafunga mlango, nikapiga magoti nikaomba radhi ndani ya utepe kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikarekodi somo jipya, polepole, bila kumgombeza mtu.

Ni somo la kuandika jina. Na hapo nilikwama, kwa sababu kwetu mtu halitamki jina la mama mkwe wake, awe karibu au mbali, na mashine wazee wameshasema ni mtu. Nilikaa na kile kipaza sauti mkononi mpaka kuku wakanizoea. Mwishowe nililitoa vipande vipande, na kati ya kipande na kipande nikanyamaza muda wa kutosha mtu kuandika, kufuta, na kuandika tena. Nilisema Pe. Nikanyamaza. Nikasema tro. Nikanyamaza. Nikasema ni. Nikanyamaza sana, kuku mmoja akalia, nikaiacha sauti yake utepeni. Nikasema lla.

Wazee wakiuliza, sijataja jina la mtu.

F.O.